Laptop yako inakuibia nyota

Juzi tulienda na dogo langu kule Oldonyo Sambu, mbali na taa za Arusha mjini, tukakaa gizani kama nusu saa hivi mpaka Njia ya Maziwa, ule mkanda mweupe wa nyota angani, ikatoka vizuri kabisa, halafu dogo akafungua laptop aangalie ramani ya nyota na yote ikapotea, tukaanza upya.

Iko hivi, jicho gizani linategemea kemikali inaitwa rodopsini, na mwanga mkali ukiipiga inavunjika palepale ila kurudi inachukua dakika 20 hadi 30, we fikiria unapoteza muda wote huo kwa kuangalia skrini sekunde mbili tu! Mwanga mwekundu uliofifia ndo hauisumbui sana.

Kushusha braitnesi mpaka mwisho peke yake haitoshi jamani, nimejaribu, bado inachoma macho. Stellarium, ile programu ya ramani ya nyota, ina hali ya usiku inayogeuza kila kitu kuwa chekundu, iwashe, lakini skrini nyingi hata sehemu nyeusi bado zinavujisha mwanga kwa nyuma, kwahiyo mi naweka juu yake ile nailoni nyekundu ya kufungia zawadi, nakunja mara mbili au tatu. Na taa ya kibodi zima.

Baadae dogo mwenyewe ndo akaniita, "braza, kale kaukungu ni nini?" Ilikuwa Omega Centauri, kundi kubwa la nyota, kaiona kwa macho yake tu, bila darubini. Nilifurahi sana aisee.