Nilikwangua Rangi ya Gitaa Bure

Miezi mitatu nzima nililaumu mbao. Gitaa langu la umeme, nililouziwa na jamaa mmoja wa mtaa wa Umoja, Nairobi, lilikuwa na sauti kama limefunikwa blanketi. Nyuzi nene zilikuwa zinayumba, nyembamba hazina mng'ao, na benga, muziki tunaopiga, bila mng'ao wa gitaa ni kelele tu. Mzee wetu wa bendi alilichukua, akaligonga mgongoni kama anayechagua tikiti maji, akakata kauli: "Kijana, mbao hii imevishwa plastiki. Haipumui."

Kuhusu plastiki hakukosea. Magitaa mengi ya kiwandani hupakwa poliesta au poliyurethani, si ile laka ya naitroselulosi ya magitaa ya zamani. Basi wikendi mbili nilikaa kwenye balkoni na kikwangulio na msasa. Rangi ile ni ngumu kama kioo, inabanduka vigae vigae, na vumbi lake lilishuka hadi kwenye nguo za jirani wa chini, mama mmoja ambaye hadi leo salamu yake ni fupi. Nikapaka mafuta ya mbao, nikangoja yakauke.

Jambo moja la akili nililofanya ni kurekodi wimbo uleule kwa simu kabla na baada, kwa nyuzi zilezile na amplifaya ileile. Nikamchezea dada yangu bila kumwambia ipi ni ipi. "Si ni kitu kimoja?" akauliza, akarudi kwenye chapati zake.

Wakati huo nilikuwa nishaulizia bei ya ubao wa mvule Gikomba, nichongewe mwili mpya. Aliyeniokoa ni fundi wa redio wa Luthuli Avenue, ambaye hajui kupiga hata wimbo mmoja. Aliniuliza: "Hii pikapu inasikia mbao ama inasikia uzi?" Pikapu hapa si gari la kubeba mkaa, ni sumaku iliyozungushiwa waya mwembamba wa shaba, maelfu ya mizunguko. Uzi wa chuma ukitikisika juu yake, umeme unazaliwa. Mbao ina neno lake katika namna uzi unavyotikisika na kunyamaza, lakini neno hilo ni dogo kuliko nilivyoaminishwa. Shingo ya gitaa ndiyo inayonisumbua kwa mbao: jua la Februari likiikausha, ncha za freti, vile vyuma vilivyopachikwa shingoni kutenga noti, zinachomoza na kunikwaruza kiganja.

Tulibonyeza uzi mnene kwenye freti ya mwisho, tukachungulia. Nusura uguse pikapu! Sumaku ikiwa karibu hivyo huuvuta uzi, nao unayumba na kufa mapema. Bisibisi tu: tukaishusha hadi ikabaki nafasi ya milimita mbili na nusu upande wa nyuzi nene, mbili upande wa nyembamba. Kisha akafungua nyuma, akaona poti ya sauti, kile kidhibiti cha kupandisha na kushusha sauti, imeandikwa 250K, yaani ukinzani wa kilo-ohm 250. Kwa pikapu ya koili mbili kama yangu, kawaida huwekwa 500K, maana poti yenye ukinzani mdogo huacha sauti za juu zivuje. Akalehemu nyingine, ambayo bei yake haikufikia nauli yangu ya siku hiyo.

Nyumbani nilisugua penseli kwenye mifereji ya kile kipande cha kichwani kinachoshika nyuzi, kwa sababu uzi wa tatu ulikuwa ukinata na kulia "kwek!" kila nikiukaza. Nikavalisha nyuzi mpya za unene wa namba kumi. Mwisho nikasogeza vikalio vya daraja, vile vinavyobeba nyuzi upande wa mwili, hadi noti ya freti ya 12 ikalingana na uzi mtupu kwenye tyuna, kile kipima noti, ila oktavu moja juu. Kazi hiyo ilinila jioni nzima.

Jumamosi kwenye mazoezi, mzee alisikiliza ubeti wa kwanza macho amefumba. "Unaona?" akasema. "Nilikwambia utoe ile rangi."

Nikamjibu, "Ndio, mzee," tukaendelea na wimbo.