Mchezo wa mtu mmoja, ruhusa mpaka Ulaya

Kuna jambo halijaniingia kichwani hadi leo: mchezo ninaocheza peke yangu, kwenye kompyuta yangu, hapa kwetu Katuba, unaomba ruhusa ya nini kwa seva, yaani kompyuta ya kampuni, iliyoko Ulaya?

Jana umeme ulirudi saa mbili usiku. Lubumbashi umeme ukirudi huchezei muda: simu zinachajiwa, nguo zinapigwa pasi, ukibakiwa na nafasi ndipo unakaa kucheza. Nikafungua programu ya huduma ya mtandaoni niliyonunulia mchezo. Ikaanza kujisasisha. Si mchezo uliokuwa unasasishwa, la, ni mlango tu wa kuingilia kwenye mchezo. Mstari wa bluu ukatembea, ukasimama, ukarudi mwanzo, na mega zangu zinaliwa. Ilipomaliza ikafungua programu nyingine, ya watengenezaji wa mchezo, nayo ikadai neno lake la siri. Kisha namba za uthibitisho kwa SMS. Zilipoingia, muda wake ulikuwa umeshapita.

Yaya wangu, yaani mkubwa wangu wa kuzaliwa, alikuwa pembeni anasubiri zamu yake. “Mudogo, unaenda kucheza ao unaenda kuvuka mpaka wa Zambia pale Kasumbalesa?”

Kitufe cha kucheza bila intaneti kipo. Ukikibonyeza wakati huna mtandao, kinakuandikia kwa Kifaransa kwamba ili kiwake, uingie kwanza mtandaoni. Nilirudia kusoma nikidhani Kifaransa changu ndicho kibovu.

Kucheza na watu wa mbali, hapo sina neno. Kutoka hapa mpaka seva za Ulaya ni zaidi ya kilomita 6,000, na mwanga ndani ya nyaya za faiba hukimbia kama kilomita 200,000 kwa sekunde. Kwenda na kurudi tu kunakula milisekunde 60, kabla mtandao haujaanza kuyumba. Hiyo ni fizikia, hakuna wa kulaumiwa. Lakini mimi nacheza na nani?

Mambo haya hayakuanza jana. Mchezo wa Half-Life 2 ulipotoka mwaka 2004, hata aliyenunua diski alilazimika kuusajili kwenye Steam, duka la michezo la mtandaoni. Sababu inayotolewa kila mara ni wizi. Haya, shuka mjini na flashi yako: utawekewa mchezo huohuo kwa franka chache, na huo wa wizi unafunguka papo hapo bila kukuuliza jina. Anayesimamishwa mlangoni ni aliyelipa! Na kulipa kwenyewe kulinitoa jasho, maana hawapokei pesa za simu. Ikabidi nimsumbue mjomba mwenye kadi ya benki. Wasiniambie haiwezekani. Duka la mtandaoni la GOG linauza michezo isiyo na kufuli tangu 2008.

Niliwaandikia watu wa huduma kwa wateja. Jibu limekuja leo asubuhi, la heshima kabisa: niwatumie picha ya tatizo kupitia programu yenyewe, nikishaingia.