Mzee aliponiita kwa jina la marehemu

Ilikua 2016, niko kwetu Handeni, mzee kaharisha siku nne mfululizo na huku goti linamsumbua kwahiyo diklofenaki, vidonge vya maumivu, anameza kama karanga. Siku ya tano akaniita kwa jina la kaka yake aliyefariki zamani. Nikacheka, nikajua utani. Usiku sasa, anaokota vitu hewani, kwikwi haikatiki, mara kalala fofofo mara anagombana na ukuta. Shangazi akasema huyu kapandwa na jini, ustadhi akaitwa, akasomewa mpaka alfajiri, na mimi na form siksi yangu ndo nilikua nimeshika chetezo cha udi, sijifanyi mjanja hapa.

Hospitali tukakuta dokta kijana tu, wala kichwa hakuanza nacho. "Mara ya mwisho mzee kakojoa lini?" Tukatazamana. Hakuna anaejua! Akamwambia mzee nyoosha mikono kama unasimamisha basi, viganja vikawa vinadondoka vinainuka, vinadondoka vinainuka, mpaka leo nikiona mtu anasimamisha gari barabarani nakumbuka. Akasema kichwa hakina shida yake chenyewe, figo ndo zimegoma, maji yamemuishia mwilini halafu zile dawa za goti zikazidi kubana damu inayoenda kwenye figo, sasa uchafu wa kutoka na mkojo umebaki kwenye damu na damu inapanda nao kichwani. Kreatinini, uchafu kwenye damu unaopimwa kujua figo zinafanyaje kazi, ilikua 1,120, wakati ya mtu mzima kwa kipimo kile kawaida haivuki 120 hivi.

Rufaa, Dar, kusafisha damu. Mara ya kwanza wakamuweka kwenye mashine masaa mawili tu wakamtoa. Nikawaka, hela si tumelipa yote? Sista akanivuta pembeni, akasema mdogo wangu, tukiisafisha damu haraka haraka uchafu wa kwenye damu utashuka ila wa kwenye ubongo bado uko juu, maji yatakimbilia huko, ubongo uvimbe, aanze degedege, ndo unachotaka? Nikaomba radhi.

Baada ya mashine ya tatu ikapatikana chupa ya mkojo, mililita 300, shangazi akapiga vigelegele wodini (kisomo chake hicho, anasema mpaka leo). Mzee akafumbua jicho, akaniita jina langu na la ubini juu, akauliza nani kamvua saa yake.