Kumbukumbu ya mradi: maji ya rozela kwa watoto wa miaka 4 hadi 6

Kona ya sayansi sasa imefika kwenye rangi. Rozela kavu, yale maua mekundu ya kutengenezea juisi, inauzwa sokoni, ni chakula, na wekundu wake hubadilika ukikutana na magadi. Tunachotaka ni mtoto aseme kwanza anachodhani kitatokea, ndipo ajaribu.

Rangi yenyewe: vijiko 2 vya chakula vya rozela, maji ya moto mililita 250, acha dakika 15, chuja. Usichemshie kwenye sufuria ya alumini. Uchachu wa rozela unaila sufuria, na alumini inayoyeyuka inashikana na rangi na kuisogeza kwenye zambarau kabla jaribio halijaanza. Jagi la kioo linatosha.

Kinachoharibu somo mara nyingi ni kutumia rangi ikiwa nzito. Rozela nzito ni chachu sana yenyewe, kwa hiyo ukiidondoshea ndimu hakuna kinachoonekana, na mtoto wa miaka minne hakupi nafasi ya pili. Zimua kijiko 1 cha rangi kwa vijiko 8 vya maji, mpaka uone vidole vyako upande wa pili wa glasi. Maji yawe ya mvua au ya chupa. Maji ya kisima yenye chumvichumvi yanaweza kuigeuza rangi yenyewe.

Hata baada ya kuzimua, anza na magadi, si ndimu. Huu ndio mpangilio tunaoutetea kuliko kitu kingine chochote katika mradi huu. Magadi yanaitoa rangi kwenye wekundu hadi kijani, ndimu inairudisha, na mtoto anaona safari ya kwenda na kurudi. Ukianza na ndimu, nyekundu inabaki nyekundu.

Magadi ayaandae mtu mzima: nusu kijiko cha chai cha magadi ya kupikia yaliyosagwa kwenye glasi ya maji, koroga, acha yatuame, chukua maji ya juu yaliyo safi. Yanawasha macho, kwa hiyo mtoto apewe kidogo tu kwenye kizibo cha chupa. Kostiki ya kutengenezea sabuni isikaribie meza kabisa, inaunguza. Beking pauda nayo haifai, maana imechanganywa na tindikali: inatoa povu na rangi inabaki katikati.

Kwa kudondoshea tunatumia sirinji ya mililita 5 isiyo na sindano. Mrija tumeuacha kwa sababu watoto wanaunyonya. Kila mtoto ana kikombe kinachopitisha mwanga, kijazwe chini ya nusu, kwani ndimu ikikutana na magadi povu linapanda.

Kabla ya tone la kwanza muulize, "Unadhani itakuwa rangi gani?" Apake kalamu ya rangi hiyo kwenye kikaratasi chake. Kisha tone la ndimu linaingia kwenye kijani: pale lilipotua panakuwa pekundu, wekundu unashuka kama uzi, vipovu vinapanda, na kijani kinaurudia tena mpaka matone yatoshe. Mwache ahesabu matone hayo. Usikimbilie kumweleza neno tindikali. "Chachu" analijua tayari.

Ndimu iwe imekamuliwa kabla magadi hayajamiminwa. Kijani hakidumu. Rangi ya rozela huvunjika kwenye magadi, inakuwa njano ya kahawia, na ikifika hapo ndimu hairudishi wekundu wote.

Vitu vya kupima baada ya hapo: siki, maji ya ukwaju, maji ya majivu yaliyochujwa, sabuni ya mche, sabuni ya maji ya vyombo, sukari na chumvi. Sukari na chumvi zisikosekane. Haziigeuzi rangi, na mtoto anahitaji kukutana na jibu la "hakuna kilichobadilika" akaliandika kama jibu. Sabuni hizo mbili pia hazifanani: ya mche inaigeuza rangi waziwazi, ya maji kidogo tu au isiiguse. Kanuni ya meza ni kwamba hakuna kuonja, hata kama ni ndimu.

Kinachofuata ni vipande vya karatasi vya kupimia, vilivyolowekwa rozela na kukaushwa kivulini. Karatasi ya printa imeondolewa, kwa kuwa nyingi zina unga wa chokaa ndani yake na zinageuza rangi kabla ya kupima chochote. Karatasi ya kuchujia kahawa ndiyo tunayoendelea nayo, ikilowekwa kwenye rangi nzito, bila kuzimuliwa.