Monita moja ya kazi na gemu: cha kukagua kabla hujatoa hela

Swali la kwanza linaloulizwa kwenye maduka ya kompyuta hapa Tanga ni "inchi ngapi?" Inchi zingoje. Igeuze kwanza kompyuta yako uangalie mgongoni, kwa sababu monita haionyeshi zaidi ya kile inacholetewa na kadi ya picha (kifaa kinachochora picha ndani ya kompyuta) kupitia kebo.

Tundu la HDMI la toleo la 1.4, ambalo bado limo kwenye mashine nyingi za mtumba, hupitisha picha ya pikseli (nukta za picha) 1920 kwa 1080 hadi 120 Hz, yaani picha 120 kwa sekunde. Ukiipa 3840 kwa 2160 inaishia 30 Hz, na hapo hata mshale wa mausi unajikokota. HDMI 2.0 na DisplayPort 1.2 hubeba 2560 kwa 1440 hadi 144 Hz. VGA iache kabisa kama kuna tundu jingine, maana herufi hutoka na ukungu, na anayeshinda kwenye Excel ataumwa macho kabla ya adhuhuri.

Kuna watu wana monita ya 144 Hz na miezi yote wanachezea 60 bila kujua. Windows mara nyingi huiacha kwenye 60 mpaka uibadilishe mwenyewe: bofya kulia sehemu tupu ya skrini, ingia Display settings, kisha Advanced display, uchague namba kubwa kuliko zote. Namba hiyo isipokuwepo, ama kebo ni dhaifu, ama umechomeka kwenye tundu la ubao mama (bodi kuu ya kompyuta) badala ya la kadi ya picha. Matundu ya kadi huwa chini zaidi, yamelala. Yale yaliyo jirani na USB ni ya ubao mama.

Je, Hz nyingi zina faida? Kwenye 60, kila picha hukaa milisekunde 16.7. Kwenye 144 hukaa 6.9, na kwenye 240 hukaa 4.2. Hatua ya kwanza inaokoa karibu milisekunde 10 na jicho linaiona papo hapo, hata ukiwa unasogeza ukurasa tu. Ya pili haifiki hata 3. Kwa mtu anayegawa hela kati ya kazi na gemu, 144 au 165 inatosha. Mwenye mashine ya gemu ya PS4 asilipie hata hizo, kwa kuwa mashine ile haivuki 60. PS5 hufika 120.

Sasa inchi. Monita ya inchi 24 yenye 1920 kwa 1080 ina pikseli 92 hivi kwa kila inchi. Ukizitandaza pikseli hizohizo kwenye inchi 27 zinabaki 82, na herufi ndogo zinaanza kuonyesha meno. Kwa gemu utavumilia. Kwa hesabu za duka au kupanga kurasa za kitabu, mimi siishauri hata ikiwa bei imeshuka. Inchi 27 iwe na 2560 kwa 1440, pikseli 109 kwa inchi, ila ujue kadi yako itachora pikseli asilimia 78 zaidi. Kadi kama GTX 1650 italemewa na gemu nzito kwa ukubwa huo; ifunge na inchi 24, zitapatana.

Aina ya kioo ndiyo itakayokusumbua au kukupumzisha kila siku. IPS inashika rangi vizuri hata ukiitazama kwa ubavu, kwa hiyo inafaa wenye kazi za mabango na picha. Weusi wake ni wa kijivu kidogo, basi. VA ina weusi mzito, lakini nyingi za bei ya chini huacha alama ya moshi nyuma ya kitu kinachokimbia gizani, na kwenye gemu za kulenga shabaha unaweza kumpoteza adui humo. TN ni ya kasi, ila rangi hugeuka ukiinamisha kichwa. OLED ni nzuri mno, lakini jedwali lilelile likikaa saa nyingi kila siku, linaweza kuacha kivuli cha kudumu.

Maandishi ya "1 ms" kwenye boksi, yaani kasi ya milisekunde 1, yasikubabaishe. Yakifuatiwa na MPRT (kipimo cha ukungu wa picha inayokimbia), kasi hiyo inapatikana kwa kuwasha na kuzima taa ya nyuma haraka haraka, na mwangaza hupungua. Mwangaza huku kwetu ni jambo la lazima: madirisha yanaachwa wazi upepo wa bahari uingie, na jua nalo linaingia. Niti (kipimo cha mwangaza) 250 ni chache kwa chumba cha namna hiyo. Tafuta 300 hadi 350, uso usiong'aa, na uikalishe monita ubavu kwa dirisha.

Kwenye mtumba kuna hazina za ofisini. Dell U2412M, kwa mfano, ni IPS ya inchi 24 yenye 1920 kwa 1200. Zile pikseli 120 za ziada kwa kimo zinakuongezea mistari kadhaa ya Excel. Ni ya 60 Hz na haina tundu la HDMI, kwa hiyo nenda na kebo ya DisplayPort au DVI.

Iwe mpya au mtumba, iombe iwashwe dakika 20, maana taa inayokaribia kufa huweza kucheza ikishapata joto. Fungua picha tupu ya nyeupe, nyeusi, nyekundu, kijani na bluu, ijae skrini nzima. Pikseli iliyokufa itajitokeza kwenye mojawapo. Chungulia matundu kwa tochi ya simu: ukungu wa kijani au mweupe ni kutu, na hewa ya chumvi ya pwani itaimalizia. Kibandiko cha umeme kisomeke 100–240V.

Ukiipeleka nyumbani kwa bajaji, isimamishe wima kwenye boksi lake pamoja na povu lake gumu la kinga, na usiishike katikati ya kioo. Ikilazwa chali, shimo moja la barabarani linatosha kuipasua.