Kikuba changu ukumbini Oshwal

Nimerudi Mombasa jana usiku kwa treni ya alasiri, na nyayo bado zaniwaka. Siku tatu nimezunguka Oshwal Centre, Nairobi, banda hadi banda, na kijitabu changu kimejaa majina ya mawaridi, bei za shina na namba za simu. Nayaandika haya leo kabla sijafungua duka, maana nikishafungua sitaandika tena. La kwanza ni hili: niliingia ukumbi wenye mawaridi mengi kuliko yote niliyowahi kuyaona maishani, nikavuta pumzi ndefu, nikasikia harufu ya zulia jipya na kahawa.

Kwa wasioyajua, haya ni maonyesho ya biashara ya maua yaitwayo IFTEX. Yalianza 2012 na hufanyika mwanzoni mwa Juni. Huendi kule kununua shada la kumpelekea mama. Wakulima wa Naivasha, Nakuru, Timau na Kericho husimamisha maua yao bora kwenye vyombo virefu, na wanunuzi kutoka Uholanzi, nchi za Ghuba na kwingineko hupita wakiyapima kwa macho na kwa rula. Wapo wanaozalisha aina mpya za mawaridi, wauza dawa, wauza katoni, mawakala wa ndege na wa meli. Mimi ni mpambaji wa arusi, miaka 17 sasa, na sikuwahi kukaa na mkulima hata mmoja. Maua yangu huja kwa basi la usiku kutoka Nairobi, yamelala kwenye katoni, na mimi huyapokea alfajiri kama mtu anayempokea mgonjwa.

Mwaka jana nilipokea katoni tatu asubuhi ya arusi yenyewe. Kwa nje mawaridi yalikuwa meupe safi. Nikishika kichwa, petali zinabaki mkononi, na ndani mna ukungu wa kijivu kama vumbi la pamba. Nilimpigia aliyeniuzia, akaniambia ni joto la Mombasa. Nilikaa na jibu hilo mwaka mzima, nikilitazama jiji langu kama adui wa kazi yangu.

Basi siku ya kwanza nilimfuata bwana mmoja wa shamba la Naivasha, mtu mzima mwenye mikono iliyochanwa na miiba, nikamweleza. Hakunicheka wala hakuharakisha. Alinivuta kando, akaniambia: "Mama, ule ukungu ulipanda basi na ua." Chembe zake, alisema, huingia kwenye petali shambani, kabla ua halijakatwa, zikalala. Kinachoziamsha ni maji. Waridi likitoka chumba cha baridi, nyuzi mbili au tatu juu ya sifuri, likatiwa kwenye basi lenye joto huku limefungwa plastiki, linatoka jasho kama chupa ya soda iliyotolewa friji. Jasho hilo likikaa juu ya petali usiku kucha, asubuhi unapokea nilichopokea. Akanifundisha la kufanya: niombe katoni zisafiri na barafu, nifungue plastiki palepale zikifika, nikate mashina upya, niyasimamishe kwenye maji safi mahali penye baridi na hewa, na nisiyaweke karibu na ndizi wala maembe, kwani matunda yanayoiva hutoa hewa inayozeesha maua. Hilo la mwisho liliniuma. Miaka 17 ndoo zangu zimekaa ukuta mmoja na jirani anayeuza ndizi mbivu.

Wakala mmoja wa meli alinieleza kitu ambacho bado nakigeuzageuza. Mawaridi ya Kenya zamani yalikwenda Ulaya kwa ndege tu, lakini siku hizi sehemu yake huteremshwa Mombasa, yakatiwa kwenye makontena ya baridi yaliyoshikwa kwenye nusu nyuzi juu ya sifuri, yakasafiri kama mwezi mmoja hadi Uholanzi. Tangu mwisho wa 2023, meli zilipoanza kuikwepa Bahari ya Shamu na kuzunguka Rasi ya Tumaini Jema, safari imerefuka zaidi. Na ua linafika, linafunguka, linauzwa. Nilisimama pale nikifikiria bandari yetu ya Kilindini. Mimi nikiwa Mji wa Kale nasubiri basi lenye mawaridi yaliyochoka, mengine yanapita chini ya pua yangu yamelala usingizi wa baridi, yanakwenda kukaa mezani Rotterdam.

Sasa nije kwenye kikuba, kile kishada kidogo cha maua yanukiayo ambacho sisi wanawake wa pwani hukibandika nguoni.

Kabla sijaondoka nilikwenda kwa Bi mmoja wa mtaa wa Kibokoni ambaye bado ana mti wa asumini uani. Kusi, upepo wa kusini, limeanza na asumini zimepungua, nikapata kisahani kimoja tu, vitumba vilivyofumba, vya alasiri. Asumini haichumwi ikiwa imefunguka. Huchumwa jua likishuka, ikiwa bado imefumba na nyeupe kama punje ya mchele, ili ifunguke juu ya nguo ya mtu. Nikatunga kama nyanya yangu alivyonifunza: sindano hupita kwenye shingo ya ua, si tumboni, uzi wa pamba uliolowanishwa, na kila ua hutazama upande wake ili mkufu usijipinde. Nikaweka rihani, kipande cha mkadi unukiao, petali chache za waridi la kienyeji, na kilua kimoja, ua lenye harufu kali, kwa ndani, kwa kuwa kilua hakihitaji kuonekana. Nikanyunyiza marashi, nikafunga kwa jani la mgomba, nikatia kwenye kikasha cha barafu ili asumini zichelewe kufunguka, na kupanda treni ya usiku.

Asubuhi, kabla ya kuingia ukumbini, nikakibandika kwa pini juu ya buibui, upande wa moyo. Sikukivaa ili nitazamwe. Nilikuwa na wasiwasi wa ugeni, na harufu ile kwangu ni nyanya amesimama nyuma yangu.

Watu walianza kugeuka. Msichana wa banda la jipsofila, yale maua madogo meupe, aliacha kuzungumza katikati ya sentensi akauliza ni nini kinachonukia. Mama mmoja wa Kisomali kutoka Eastleigh alinishika mkono, akafumba macho, akasema hajakisikia tangu arusi ya dada yake Lamu. Na mchana nikafika kwenye banda la Mholanzi anayezalisha aina mpya za mawaridi. Alikuwa akieleza jinsi wanavyochagua: miche elfu kwa elfu, miaka kadhaa ya majaribio, hadi ibaki aina moja yenye shina refu lililonyooka, kichwa kinachofunguka polepole, na siku nyingi ndani ya chombo. Wana chumba maalumu, nyuzi 20, taa saa 12 kwa siku, maua yamepangwa kwa safu na mtu anahesabu. Siku ya kumi. Siku ya kumi na mbili. Linaloinamisha shingo mapema linatolewa.

Nikamuuliza kuhusu harufu. Alijibu kwa unyoofu, na ninamheshimu kwa hilo. Mteja wa jumla, alisema, hununua siku. Harufu haikuwa kwenye orodha ya waliochagua, kwa hiyo kizazi baada ya kizazi ilibaki nyuma. Tena mara nyingi mawaridi yanukayo sana hayakai sana. Yapo mashamba yanayokuza mawaridi ya bustani yenye manukato, kama Tambuzi kule chini ya Mlima Kenya, na ipo hadithi ya waridi liitwalo Juliet la mzalishaji Mwingereza David Austin, ambalo lilichukua miaka 15 kupatikana hadi likaonyeshwa kwenye maonyesho ya maua ya Chelsea, London, mwaka 2006. Lakini hayo ni machache.

Kisha akainama kidogo, akanusa kikuba changu. Akanyamaza. Akauliza kama angeuliza kuhusu ua lolote: "Hili hukaa siku ngapi?"

Nikamwambia, usiku mmoja.

Alifikiri nimekosea Kiingereza, akauliza tena. Nikamweleza: linafunguka wakati wa magharibi, linanukia hadi alfajiri, na asubuhi limekuwa rangi ya chai. Hatuliokoi. Bibi arusi huvaa koja, mkufu wa maua, usiku wa kupamba, wanawake wa nyumba huvaa vikuba, na usiku ukipita vinavuliwa vikatiwa kwenye mto au kabatini kwenye nguo. Aliyekuja amekisikia, asiyekuja amekikosa. Nilipokuwa nikisema haya sauti ilinitetema, na niligundua sijawahi kumweleza mtu kazi hii kwa maneno. Tangu utoto naitenda tu. Nimepamba kumbi, nimejenga majukwaa ya mawaridi elfu mbili, na watu wameniita fundi wa maua kwa ajili hiyo. Hakuna aliyewahi kumwita nyanya fundi wa maua. Aliitwa bibi wa asumini, akilipwa kwa visahani.

Naamini sasa kwamba alikuwa fundi kuliko mimi. Alijua ua lipi huchumwa saa ngapi, lipi humeza harufu ya mwenziwe na lipi huibeba. Pale ukumbini watu walizungumzia rangi, urefu, kipenyo cha kichwa. Nyanya alipanga harufu kama wao wanavyopanga rangi, na alifanya hivyo bila rula na bila chumba cha nyuzi 20.

Kuna jambo jingine lililonishughulisha. Mpambaji mmoja alikuwa akionyesha kazi mbele ya banda, akaanza kwa kusema hatatumia oasisi. Hiyo oasisi, lile tofali la kijani linalonyonya maji ambalo sisi wapambaji wote tunalitumia kila wiki, ilivumbuliwa na Vernon Smithers huko Ohio, Marekani, mwaka 1954. Ni plastiki. Ukiibonyeza inavunjika kuwa unga, na unga huo hauozi. Shirika la bustani la Uingereza, RHS, liliipiga marufuku kwenye maonyesho yake tangu 2021. Yeye alikunja wavu wa kuku, akautia ndani ya chungu, akachomeka matawi ya hyperikamu na alstromeria mpaka wavu ukapotea. Akasema Constance Spry, aliyesimamia maua ya kutawazwa kwa Malkia Elizabeth mwaka 1953, alifanya kazi kwa waya hivyo hivyo. Nikakumbuka gunia la oasisi lililo nyuma ya duka langu, na yale mengine niliyokwisha kuyatupa kwa miaka. Mifereji yetu ya Mji wa Kale yote huishia baharini. Kikuba ni uzi wa pamba na jani. Nyanya hakuacha nyuma yake kitu chochote ambacho samaki angekila.

Siku mbili zilizobaki zilikuwa za biashara tupu na sina mengi ya kusema. Nimepata mkulima atakayeniuzia moja kwa moja, katoni 4 kwa kuanzia, na amekubali barafu. Nimenunua wavu.

Usiku wa jana nilipofika nyumbani, mpwa wangu alikuwa macho. Ana miaka 15, na hupenda kukaa nami nikitunga, lakini mikono yake bado huvunja shingo za asumini. Nilimweleza habari ya Mholanzi. Akaniuliza kama yule Bi wa Kibokoni atauza nyumba, maana kila mtu asema pale pataangushwa pajengwe ghorofa. Sikuwa na jibu. Tumekubaliana leo baada ya alasiri twende tumwombe matawi, tuyapande kwenye madebe juu ya dari.

Na nilipokuwa nikiandika aya iliyopita, simu imelia. Ni mama wa bibi arusi wa mwezi ujao. Anataka ukumbi wote mweupe, mawaridi kutoka mlangoni hadi kwenye kiti. Nikamwambia nitafanya, kisha nikamuuliza kama naweza kuongeza koja la asumini kwa bibi arusi na vikuba 40 kwa wanawake wa nyumba.

"Hizo asumini utazitoa wapi wakati wa kusi, mwanangu?"

Nikamwambia anipe jibu kabla ya Jumatano, kwa sababu huyo Bi ana mti mmoja tu, na wengine wataomba.