Siku moja na leza ya kupaka kama rangi

Saa mbili asubuhi niko maabara, glavu mkononi, natikisa kichupa cha unga mwekundu, huu ndo utakaotoa mwanga wa leza yetu. Molekuli zake ni kama kijipande cha grafini, ile karatasi ya kaboni yenye unene wa atomu moja, pete za kaboni zimeshikana, sema kingo zake ni korofi, zikikutana na oksijeni na mwanga zinaharibika, ndo maana wakemia wanazizungushia vikundi vinene pembeni zisiguswe ovyo.

Saa tatu nauyeyusha kwenye kiyeyusho kiitwacho tolueni pamoja na polistirini, plastiki ya kawaida tu. Unga unawekwa kidogo mno, kama asilimia moja ya uzito, ukizidisha molekuli zinagandana zinazimana mwanga zenyewe kwa zenyewe.

Saa nne, kupaka. Tone kwenye kioo, mashine inakizungusha mizunguko elfu kadhaa kwa dakika, tayari una utando usiofika hata mikroni moja, yaani sehemu ya elfu ya milimita. Cha kwanza kimetoka na mstari kama mkia wa kimondo, kumbe chembe moja ya vumbi! Rudia. Ila hapa ndo unafuu wenyewe ulipo, leza za semikondakta zinataka fuwele zijengwe tabaka kwa tabaka kwenye mitambo ya bei mbaya, sisi tunapaka kama rangi.

Saa sita mpaka saa nane kikao. Tupite.

Saa nane na nusu navaa miwani, nawasha leza nyingine, ya kijani, ya kuupa utando nguvu, urefu wa wimbi la mwanga wake nanomita 532, mapigo 10 kwa sekunde. Kioo changu kina vijifereji vilivyoachana nanomita 370, zidisha kwa 1.58, yaani kiasi ambacho utando unapunguza mwendo wa mwanga, unapata kama 585, rangi ninayoisubiri. Napandisha nishati taratibuuu, skriini inayochora rangi za mwanga wa utando inaonyesha kilima kipana tu, kilima, kilima, halafu paap! kimesimama kama sindano pale 585. Miaka yote hii bado napiga kelele.

Watu huniuliza, sasa hiyo ndo rahisi? Utando ndio, ila leza ya kuuwashia ndo ghali, kwa hiyo tunahangaika kushusha kizingiti, ile nishati ya chini kabisa ya kuanza kutoa leza, ili hata taa ya LED iweze. Kuuwasha kwa umeme moja kwa moja, hapo bado jasho linatutoka.

Saa kumi nauacha upigwe saa nzima, mapigo 36,000, nione utachoka lini. Saa kumi na moja nautoa, kuna kidoa kimepauka, kidogo kuliko kichwa cha pini. Nimekizungushia duara kwa kalamu, kesho napiga pembeni yake.